Portiki Ikienda Kombo: Kwa Nini Mashine ya Kompyuta Hukata Mlango Usio na Pembe Mraba

Mlango wa kabati unapokataa kulingana na mwenzake, mtu wa kwanza kulaumiwa huwa ni fundi aliyeufunga. Nilishuhudia ugomvi wa namna hiyo katika nyumba moja ya mtaa wa Bel-Air, hapa Lubumbashi. Kabati lilikuwa jipya, la mbao nyeupe za MDF (zile za unga wa mbao uliokandamizwa kwa gundi) na bawaba za bei, lakini pale juu ambapo milango miwili inakutana, mmoja ulikuwa umeinuka na mwingine umeshuka, kama ngazi ndogo ambayo jicho likishaiona haliachi kuirudia. Mwenye nyumba alikuwa na hoja moja tu, na aliisema mara tatu: "Papa fundi, mbao hizi zilikatwa na mashine ya kompyuta. Mashine haikosei. Aliyekosea ni wewe."

Fundi hakubishana. Aliushusha mlango mmoja, akaulaza sakafuni juu ya kitambaa, akapima pande zake nne. Zote zilikuwa sahihi, mita 2 kwa sentimita 60. Kisha akavuta utepe wa kupimia kutoka pembe moja hadi pembe inayoitazama, akasoma namba kwa sauti, akavuta tena kwenye pembe mbili zilizobaki. "Mama, tazama mwenyewe," alisema. Ulalo wa kwanza ulizidi ulalo wa pili kwa milimita 3.

Maneno "mashine haikosei" husikika sana siku hizi, katika maduka ya samani na pia katika atelye, yaani karakana, za komuni ya Kampemba ambako karatasi za chuma hukatwa kwa moto wa plasma kwa ajili ya mageti na kazi za migodini. Yana ukweli wa nusu. Kompyuta inayoongoza mashine haikosei hesabu, lakini katika mashine nyingi tunazoziona mjini kompyuta hiyo haioni chochote: inatoa amri, inaamini kwamba amri imetekelezwa, na inaendelea. Swali la mlango usio na pembe mraba, kwa hiyo, ni swali la kujua nani anakagua miguu miwili ya portiki, lile daraja linalobeba kisu juu ya meza ya mashine, na anaikagua wakati gani.

Tuanze na majina. Herufi CNC husimama kwa mashine inayoongozwa kwa namba kupitia kompyuta. Mchoro hugeuzwa kuwa orodha ndefu ya amri, kila amri ikitaja mahali ambapo kisu kinapaswa kufika, na mota hukipeleka huko. Wazo hilo lina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani: Mmarekani John T. Parsons alilianzisha akitafuta njia ya kutengeneza mapanga ya helikopta kwa usahihi, na mashine ya kwanza ya kusaga chuma kwa namba ilionyeshwa katika chuo cha MIT mwaka 1952.

Portiki, neno ambalo mafundi wetu wamelichukua kutoka Kifaransa, ni daraja linalotembea. Meza ya mashine imelala kama kitanda. Pande zake mbili ndefu zina reli. Juu ya kila reli umesimama mguu. Na miguu hiyo miwili inabeba boriti inayovuka meza kutoka upande hadi upande. Kichwa cha kukatia huteleza juu ya boriti kushoto na kulia, huku daraja zima likienda mbele na kurudi nyuma. Mtu aliyewahi kuingia katika karakana kubwa ya mgodi amemwona kaka yake mkubwa, yaani kreni ya juu inayopita chini ya paa ikiwa na magurudumu katika kuta zote mbili. Umbo hilo linapendwa kwa sababu za nafasi. Karatasi ya kawaida ya tripleksi ina milimita 1220 kwa 2440, na kama meza ndiyo ingekuwa inasogea chini ya kisu, atelye ingehitaji karibu urefu mara mbili wa ubao wenyewe. Daraja likitembea, ubao unalala palepale.

Portiki ikiwa sawa, boriti yake inakutana na reli kwa pembe mraba, ile pembe ya ekeri, ambayo wenzetu wa Tanzania huita skwea. Mguu mmoja ukitangulia, hata kwa unene wa kucha, boriti inalala mshazari juu ya meza. Hapo ndipo tunasema imekwenda kombo. Kompyuta haijui; ikiambiwa ikate mstatili, inakata msambamba, umbo lenye pande sahihi na pembe za uongo. Duara nalo linatoka na dalili ya yai. Hila yote iko katika maneno "pande sahihi", kwa kuwa mwendo wa kichwa juu ya boriti unabaki na urefu wake uleule, na mwendo wa daraja juu ya reli pia. Kilichoharibika ni uhusiano kati yao. Ndiyo maana mteja anayepima upana na urefu pekee hataona kitu, na ndiyo maana fundi wa Bel-Air alikwenda moja kwa moja kwenye ulalo. Waashi wanaijua siri hiyo tangu zamani: kabla ya kuchimba msingi hupima mita 3 upande mmoja na mita 4 upande mwingine, na kamba ya ulalo isipofika mita 5 kamili hawachimbi.

Kutoka katika ulalo tunaweza hata kurudi nyuma na kujua mashine ilikuwa katika hali gani. Kwa mlango wa mita 2 kwa sentimita 60, tofauti ya milimita 3 maana yake ni kwamba kila sentimita 60 za boriti zilikuwa zimeegemea kwa kiasi cha milimita moja na nusu. Na kama miguu ya portiki imeachana mita moja na nusu, basi mguu mmoja ulikuwa umemtangulia mwenzake kwa karibu milimita 4. Hilo si kosa dogo, wala halikutokea ghafla katikati ya mlango mmoja, kwa sababu milango yote ya kabati lile ilikuwa na ubovu uleule. Portiki ilikuwa imekaa kombo tangu kipande cha kwanza.

Inawezekanaje mguu mmoja utangulie? Chukua mtoto wa meza, droo pana ya zamani inayoteleza mbao kwa mbao, uuvute kwa mkono mmoja kutoka kona ya kulia. Unatoka kidogo, unajipinda, unakwama. Ukishika katikati, au ukitumia mikono miwili, unatoka bila ubishi. Mkono ulioko kando hauvuti tu, bali pia unazungusha, na droo inapozunguka pembe zake hubana ukuta wa meza. Kadiri unavyovuta kwa nguvu ndivyo inavyobana zaidi. Wahandisi wana kanuni ya mazoea kwa vitu vinavyoteleza kwa kusuguana: umbali kutoka kwenye reli hadi pale nguvu inapovuta usizidi takriban mara mbili ya urefu wa sehemu iliyoshikwa na reli hiyo. Portiki inavunja kanuni hiyo kwa umbo lake lenyewe, kwani inaweza kuwa na upana wa mita moja na nusu huku kila mguu ukishika reli kwa sentimita 30 tu. Vigari vyenye beringi, au rulema, havikwami kwa urahisi kama mbao, maana msuguano wake ni mdogo mno, lakini badala ya kukwama vinaruhusu daraja lijikunje. Kulivuta upande mmoja pekee ni kuliomba liende kombo.

Kuna njia mbili za kulivuta pande zote. Ya kwanza, ya kizamani na ya kuaminika, ni mota moja inayozungusha fito ndefu ya chuma inayovuka mashine, na fito hiyo inazungusha mikanda au gia za miguu yote miwili. Miguu inakuwa imefungwa nira moja. Udhaifu wake ni kwamba fito ndefu nyembamba hujisokota kidogo kama kamba inapovuta mzigo, kwa hiyo mguu ulio mbali na mota huchelewa nusu ya pumzi. Tena, gia za upande mmoja zikifungwa na jino moja la ziada, kombo linakuwa la kudumu mpaka fundi afungue na kufunga upya. Hata hivyo, kwa atelye ndogo ya mbao mimi ningeipenda njia hii kuliko wauzaji wanavyoipenda, kwa sababu umeme ukikatika nira haikatiki.

Njia ya pili ndiyo iliyoenea: kila mguu una mota yake, na mota mbili hupewa amri moja. Hapa ndipo imani potofu ya kwanza inapokaa. Watu husema kwamba mota mbili za aina moja, kutoka sanduku moja, zikipewa amri moja, haziwezi kutofautiana. Fikiria vijana wawili waliobeba boriti ndefu, kila mmoja akishika ncha yake, wakitembea bega kwa bega barabarani huku wamefungwa vitambaa machoni. Mbele yao ngoma inapigwa, na kwa kila pigo kila kijana anapiga hatua moja ya urefu uliokubaliwa. Maadamu njia ni kavu, boriti inabaki imekingama barabara sawasawa. Kijana wa kushoto akiteleza kwenye tope na kupiga hatua hewani, ngoma haijui, mwenzake hajui, na yeye mwenyewe anaendelea kuhesabu kana kwamba amefika. Kuanzia hapo boriti ni ya mshazari, na itabaki hivyo hata kama wote wawili hawatateleza tena.

Mota za hatua, ambazo zimo katika mashine nyingi za bei nafuu, zinafanya kazi hivyo hasa. Mota ya kawaida ya aina hiyo ina hatua 200 katika mzunguko mmoja, yaani nyuzi 1.8 kwa kila hatua, na kifaa cha kuiendesha huigawa kila hatua katika vipande vidogo zaidi ili mwendo uwe laini. Ikizidiwa na mzigo haipotezi kipande kimoja tu. Sumaku zake hunasa tena pale mpangilio wa umeme unapojirudia, ambapo ni baada ya hatua 4 nzima, nyuzi 7.2. Kwenye mashine inayovutwa na parafujo inayosogea milimita 10 kwa mzunguko, kuteleza mara moja ni milimita 0.2. Kwenye mashine yenye reli ya meno, ambayo mzunguko mmoja wa mota unaweza kuisogeza milimita 20, kuteleza huko huko ni milimita 0.4. Haionekani kwa macho. Ikitokea mara kumi katika siku, mguu mmoja umebaki nyuma milimita 4, sawa na kombo la milango ya Bel-Air.

Na mota mbili hazibebi mzigo sawa hata kama ni pacha. Kichwa cha kukatia kikiwa mwisho wa kushoto wa boriti, mguu wa kushoto unabeba uzito wake wote pamoja na ukinzani wa mbao. Kikienda kulia, mzigo unahama. Kipande cha mbao kikiingia kati ya meno ya reli upande mmoja, au grisi ikichanganyika na lile vumbi jekundu la kiangazi linaloingia kila mahali, mguu huo unafanya kazi ambayo mwenzake haifanyi. Kuna pia kelele za umeme: nyaya za mota kubwa ya kukatia zikipita kando ya nyaya nyembamba za ishara bila ganda la kinga, mota moja inaweza kusikia pigo ambalo ngoma haikupiga.

Wauzaji hujibu matatizo haya kwa swichi mbili, na kusema kweli swichi mbili ni hatua kubwa, mradi mnunuzi aelewe zinafanya nini. Kila asubuhi mashine inapowashwa inapaswa kutafuta mwanzo, yaani kurudi polepole hadi iguse swichi inayoiambia kwamba hapa ndipo sifuri yako. Portiki yenye swichi moja inajua tu kwamba mguu mmoja umefika. Yenye swichi mbili, moja kwa kila mguu, inaendesha miguu yote nyuma. Mguu unaogusa kwanza unasimama, mwingine unaendelea hadi uguse wa kwake, na boriti inanyooka. Programu lazima ikubali kuitendea kila mota kama mtu wake. LinuxCNC, programu huria inayotumiwa na wajenzi wengi wa mashine, inatofautisha waziwazi kati ya mhimili, ambao ni mwelekeo wa mwendo, na kiungo, ambacho ni mota yenyewe: portiki ni mhimili mmoja wenye viungo viwili. Programu nzuri pia huweka kikomo, kwa sababu waya wa swichi moja ukikatika, mguu wake utaendelea kusukuma kutafuta swichi isiyojibu, na boriti itakunjwa na mashine yake yenyewe.

Lakini swichi mbili zinanyoosha portiki mara moja tu, pale mwanzo. Baada ya hapo zinanyamaza. Muuzaji anayesema kwamba mashine yake "inajinyoosha yenyewe" hasemi uongo. Anachokiacha ni neno "asubuhi". Tena, swichi hazijui pembe mraba ni nini. Zinajua mahali zilipofungwa. Zikifungwa vibaya, au unga wa MDF ukikandamizwa mbele ya mojawapo, portiki itakwenda kombo kila siku kwa uaminifu uleule, na usahihi huo wa kurudia kosa ndio unaowadanganya watu wengi.

Imani nyingine inayogharimu pesa ni kwamba dawa ya mguu unaochelewa ni mota kubwa zaidi. Mguu unapochelewa kwa sababu reli zake zimefungwa bila kwenda sambamba, mota kubwa haiondoi sababu; inaishinda tu, na nguvu iliyokuwa ikilalamika kwa kuteleza sasa inakwenda kwenye beringi na kwenye boriti. Afadhali kuzifungua reli. Mafundi wazuri huikaza kwanza reli moja, kwa kuipima dhidi ya ubapa ulionyooka, na kuifanya kuwa bwana. Reli ya pili huachwa legelege, portiki husukumwa taratibu kutoka mwisho hadi mwisho, na boriti yenyewe ndiyo inayoiambia reli ya pili mahali pa kukaa, bolti zikikazwa moja baada ya nyingine nyuma yake. Hali ya hewa yetu ina neno hapa pia. Katika Juni na Julai asubuhi ya Lubumbashi ni ya makoti na alasiri ni ya mikono mifupi. Joto likibadilika kwa nyuzi 15, boriti ya alumini ya mita moja na nusu hurefuka kama nusu milimita, wakati msingi wa chuma wa upana huohuo hurefuka karibu nusu ya hapo. Hilo haliipeleki portiki kombo moja kwa moja, bali hubana miguu, na mguu uliobanwa ndio unaoteleza.

Kuhusu umeme, kila mwenye atelye mjini ana hadithi. Mota ya hatua ikiwa na umeme hushikilia mahali pake kwa nguvu hata ikiwa imesimama. Umeme ukikatika, nguvu hiyo hutoweka mara moja, na kwenye mashine ya reli ya meno mtu anaweza kulisukuma daraja kwa mkono. Umeme ukirudi, mota zinashika pale zilipo, si pale zilipokuwa, na kila moja inanasa kwenye hatua iliyo karibu nayo bila kumuuliza mwenzake. Kisu kikitafutiwa sifuri ya kazi, ile pembe ya ubao ambayo mwendeshaji anaichagua kwa jicho, mashine inakata kama kawaida. Sifuri ya kazi inasema ubao uko wapi. Haisemi lolote kuhusu boriti.

Je, hakuna mashine inayofungua kitambaa machoni? Ipo, na bei yake inashuka. Mota za sevo, pamoja na zile za hatua zilizoongezewa enkoda, zina kifaa nyuma kinachohesabu mzunguko uliotokea kweli na kuulinganisha na ulioamriwa. Mota ikibaki nyuma hujitahidi kufidia, na tofauti ikizidi kiasi kilichowekwa hupiga kengele na kusimama. Mnunuzi aulize swali moja kabla ya kulipa: mota moja ikisimama, je, nyingine nayo inasimama papo hapo? Nimewahi kuona mashine ya bei ambayo kengele za mota zake hazikuunganishwa popote. Mguu wa kulia ulijua umeshindwa, ukasimama kwa adabu, na wa kushoto ukaendelea na safari hadi boriti ikalia. Mota kipofu, isiyo na enkoda, angalau ingeteleza kidogo kidogo.

Tena enkoda iliyo nyuma ya mota inaiona mota, haiuoni mguu. Mkanda ukivutika au gia ikiwa na ulegevu, mota itaapa kwamba imefika wakati mguu bado uko njiani. Ndiyo sababu mashine kubwa za viwandani hufungwa vipimio virefu kando ya reli zote mbili, vinavyosoma mahali miguu ilipo yenyewe, na kompyuta yake hailinganishi tu kila mguu na amri bali pia mguu na mguu: wa kulia ukichelewa, wa kushoto hupunguziwa mwendo ili boriti isiende mshazari hata kwa kitambo. Katika mfano wetu wa barabarani, ni sawa na kila kijana kuhisi begani jinsi boriti inavyovuta na kumsubiri mwenzake. Kreni za juu zina ugonjwa huohuo wa kwenda kombo, na dalili yake haifichiki, kwa sababu kingo za magurudumu husuguana na reli na kuliwa upande mmoja.

Yeyote anayetaka kujua hali ya portiki yake, iwe imenunuliwa au imeundwa hapahapa, anahitaji kipande cha ubao na nusu saa. Baada ya mashine kutafuta mwanzo, iamuru itoboe matundu manne membamba kwenye pembe za mstatili wa milimita 900 kwa 1200. Ulalo wa kila upande unapaswa kuwa 1500 kamili, kwa kuwa hii ni ileile 3, 4, 5 ya mwashi. Pima ulalo wote wawili kutoka ukingo uleule wa tundu hadi ukingo uleule wa tundu la mbali. Ukisimama nyuma ya mashine ukitazama mbele, na ulalo unaoishia mbele kulia ndio mrefu, basi mguu wa kulia umetangulia. Na kwa portiki ambayo miguu yake imeachana mita moja na nusu, kiasi cha kuurudisha ni karibu sawa na tofauti yenyewe ya ulalo. Sogeza swichi ya mguu huo kwa kiasi hicho, tafuta mwanzo tena, toboa tena mahali pengine. Kisha, na hili ndilo linalosahauliwa, rudia kipimo jioni baada ya siku nzima ya kazi bila kutafuta mwanzo upya. Asubuhi ikiwa sawa na jioni ikiwa kombo, swichi hazina kosa. Kuna mguu unaoteleza, na kazi ni kumtafuta mchawi kwenye reli, kwenye meno au kwenye nyaya.

Nilifuatana na fundi wa Bel-Air hadi atelye iliyokata mbao zile. Mwendeshaji, kijana mwenye unga mweupe hadi kwenye kope, hakuficha kitu. Siku ya kazi ile umeme ulikatika kabla ya saa nne. Alilisukuma daraja nyuma kwa kushika mguu wa kushoto ili atoe karatasi iliyokuwa mezani, na umeme uliporudi alichagua sifuri ya kazi kwenye pembe ya karatasi mpya na kuendelea, kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu na kutafuta mwanzo kunachukua dakika mbili. Swichi mbili zilikuwepo, safi, hazikuulizwa. Alipoiamuru mashine itafute mwanzo mbele yetu, mguu wa kushoto uligusa na kusimama. Wa kulia uliendelea peke yake kwa nusu ya upana wa penseli hivi, ukagusa, na boriti ikatoa mlio mfupi kama kiti kinachokaliwa na mtu mzito. Matundu manne yalitobolewa. Utepe haukusoma tofauti yoyote.

Milango haikutupwa. Ililazwa tena mezani mmoja mmoja, ikapunguzwa milimita chache juu na chini ili ncha zake zirudi kwenye pembe mraba, ikabandikwa ukanda mpya pembeni, na fundi akazitobolea bawaba upya.